Kijana wa Miaka 18 Hapaswi Kukabidhiwa Ufunguo wa STI

Wiki hii yote nimeshinda na kitu kifuani. Nilitumiwa video ya sherehe ya familia. Keki ipo, muziki upo, ndugu wamejaa uani, halafu geti linafunguliwa na Subaru Impreza STI ya bluu yenye rimu za dhahabu inaingia, utepe mwekundu juu ya boneti. Zawadi ya kumaliza kidato cha sita. Mtoto wa dada yangu anakabidhiwa ufunguo, shangazi zake wanapiga vigelegele, baba yake anafuta machozi. Kijana ana miaka 18 na leseni ameipata juzijuzi tu.

Shemeji yangu si mtu wa kujionyesha. Amehangaika na duka la vifaa vya ujenzi tangu dada yangu hajaolewa, na kila shilingi iliyoingia kwenye gari lile aliitolea jasho. Alitaka mwanawe apate alichokikosa yeye. Naliheshimu hilo kwa moyo wote, na ndiyo maana naandika. Mzazi mzembe nisingemwandikia makala. Huyu anampenda mwanawe, na kampa gari linaloweza kumuua kabla hajajifunza kuendesha.

Jumapili nikaenda kwao. Kijana akatoka mbio. "Shikamoo mjomba! Twende nikupeleke raundi moja." Nikamwambia marahaba, lakini kwanza tuliangalie likiwa limesimama.

Nikachuchumaa kwenye tairi la mbele. Limepakwa dawa linang'aa, na ukilitazama kwa juu utasema jipya. Ubavuni, mwisho wa ule mstari wa herufi na namba unaoanza na DOT, kulikuwa na tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 3513. Wiki ya 35 ya mwaka 2013. Mpira umekakamaa, na ukiukandamiza kwa kidole gumba unaziona nyufa nyembamba zikifunguka. Nikafungua mlango wa nyuma. Siti kava mpya, nyekundu na nyeusi, zimeshonwa kwa ustadi, na zimefunika kabisa vibanio vya mikanda. Nikamuuliza, "Rafiki zako wakikaa hapa wanafunga nini?" Akacheka kwa adabu. "Mjomba, nani anafunga mkanda siti ya nyuma?"

Sasa tuseme gari lenyewe ni gari gani. Ni toleo la Japani la katikati ya miaka ya 2000: injini ya lita 2 yenye turbo, nguvu za farasi 280, gia 6 za mkono. Kwa miaka mingi watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano yao ya kutotangaza gari linalozidi 280, hadi 2004 walipoyaacha, na STI ilikuwa inagusa dari lile. Toyota Premio ya cc 1500, ambayo walimu na wauguzi wengi wa Dar wanaendea kazini, ina nguvu kama 110. STI inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 5 hivi. Premio inahitaji zaidi ya 10. Na matoleo yale ya STI hayana VDC, ule mfumo unaoshika breki ya tairi mojamoja gari linapoanza kuserereka. Likishaanza kuteleza, mikono ya dereva ndiyo imebaki.

Nilipomweleza shemeji hofu yangu alinijibu kwa upole: "Shemeji, huyu mtoto ana nidhamu. Hanywi, havuti, ana akili zake." Yote hayo ni kweli. Mimi mwenyewe namfahamu tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Lakini hapo ndipo tunapopotea sisi wazazi na walezi. Tunadhani ajali za vijana ni za wahuni, kwa hiyo kama mtoto wako si mhuni, yuko salama.

Barabarani nidhamu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuona, na kuona hakuji na tabia njema. Dereva mwenye miaka yake kwenye usukani akikaribia kituo pale Mbezi anaiona daladala imesimama kwa pembe, anaona konda ameshagonga bati, na mguu wake unaacha mafuta wenyewe, kwa sababu anajua kuna abiria aliyeshuka ambaye atatokea mbele ya ile daladala akikimbia. Anamwona bodaboda amegeuza shingo kidogo kulia na anajua atakata bila indiketa. Anaona mpira umevuka barabara, anamsubiri mtoto. Mambo haya hayamo kwenye mtihani wa leseni. Yanaingia taratibu, kwa vishindo vidogo ambavyo mtu anatoka navyo mzima, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kijana anayeanza anayaona yote kwa macho yake, ila anachelewa kuelewa alichokiona. Anachelewa kwa sekunde moja, labda na nusu.

Naomba tuipigie hesabu hiyo sekunde moja. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 100 linakwenda karibu mita 28. Yaani kabla mguu wake haujagusa breki, ameshamaliza mita 28. Ongeza sasa umbali wa breki zenyewe, ambao haukui sawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, breki zinahitaji umbali mara nne. Kwenye lami kavu na tairi nzuri, anayekwenda 50 anasimama ndani ya mita 28 hivi jumla. Anayekwenda 100 anahitaji zaidi ya mita 80. Na nimesema tairi nzuri, si za 2013.

Kwenye gari dogo kijana akijisahau, gari lenyewe linamchelewesha. Anakanyaga, injini inalia, spidi inapanda polepole, na wakati inapanda akili inarudi. STI inatoka 50 kwenda 100 kwa sekunde 3 hivi. Akili haijapata nafasi ya kurudi. Kosa ambalo kwenye Premio lingekuwa bampa na maneno makali ya baba, kwenye STI ni msiba, kijana yuleyule, nidhamu ileile.

Watu wa Subaru wataniambia gari lile linavuta tairi zote nne, kwamba linakaa barabarani kuliko hiyo Premio yangu. Nakubali, kwenye kona na kwenye tope linashika vizuri sana. Lakini kuvuta kwa tairi nne kunasaidia kuondoka, na kunasaidia kupita kona. Ukikanyaga breki hakukuongezei kitu, kwa sababu kila gari lina breki kwenye tairi nne. Kinachotokea ni kwamba dereva mchanga anaingia kwenye kona na mwendo ambao gari jingine lingeshamtisha mapema.

Najua pia kwa nini tunalipenda gari hili kiasi hiki Afrika Mashariki. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Impreza ya bluu, na tangu hapo rangi ile ikawa na heshima yake kuanzia Nairobi hadi Dar. Lakini tukumbuke alivyoendesha. Yule alikuwa bingwa wa dunia wa 1995. Pembeni yake alikaa Nicky Grist akimsomea barabara kona kwa kona, vyuma vya kuwakinga vimezunguka ndani ya gari. Na kwa kuwa Safari ya enzi zile ilikimbiwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa, timu zilirusha helikopta juu ya gari ili dereva aambiwe kama mbele kuna ng'ombe au lori. Dereva aliyekuwa miongoni mwa bora kuliko wote duniani hakuachiwa barabara yenye watu aione kwa macho yake peke yake. Sisi tunampa mtoto aliyetoka mtihanini gari la ukoo uleule, tunamwachia njia nane za Kimara hadi Kibaha saa mbili usiku, watu wanavuka na ndoo za maji na watoto mikononi.

Hao wanaovuka ndio wananiuma zaidi. Kijana ana airbag na mkanda wake. Mama anayetoka Mbezi Luis na furushi kichwani ana kanga tu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Soma tena umri huo. Unamhusu aliye ndani ya gari, na unamhusu mwanafunzi anayesubiri kuvuka na begi lake la shule.

Halafu kuna rafiki zake. Kijana mwenye STI haendi mahali peke yake. Watakuwa wanne au watano, muziki juu, mmoja anarekodi na simu, mwingine anasema "hebu kanyaga tusikie." Mtoto mwenye nidhamu akiwa peke yake anabaki na nidhamu. Akiwa na wenzake wanne nyuma anataka wasimwone mwoga, na hilo halina uhusiano na malezi mabaya; ndivyo umri ule ulivyo. New Zealand walilielewa hili tangu 1987. Kule dereva mpya akishatoka kwenye leseni ya kujifunzia anapata leseni yenye masharti: haendeshi saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri akiwa peke yake, na habebi abiria bila dereva mzoefu pembeni. Huko New South Wales, Australia, dereva mwenye leseni ya majaribio haruhusiwi kuendesha gari ambalo nguvu yake inazidi kilowati 130 kwa kila tani ya uzito. STI ya kijana wetu ina kilowati 206, ndizo zile nguvu za farasi 280, kwenye tani 1.4 na ushee. Imepita kiwango, na kule angekamatwa hata kama anaendesha taratibu. Toyota Mark X ya cc 2500 ingebaki chini ya kiwango kile, na mimi bado nisingempa, kwa sababu ile inasukumwa na tairi za nyuma, na mvua ya kwanza ya vuli ikichanganyika na mafuta yaliyolala barabarani, mkia unaondoka bila hodi.

Kwetu leseni inayokuruhusu Premio ndiyo inayokuruhusu STI. Sheria haimzuii. Kwa hiyo amebaki mzazi.

Kuna hoja ya baba zetu ambayo naisikia kila nikifungua mdomo: "Mimi niliendesha Peugeot ya mzee nikiwa na miaka 16 na nipo hapa." Ni kweli upo, mzee wangu, na tunamshukuru Mungu. Wale ambao hawakupona hawapo kwenye kikao kutusimulia zao. Tena barabara ya wakati ule ilikuwa na mashimo, magari ya kuhesabika, na Peugeot ile ilikuwa haiwezi kufanya hata nusu ya inachofanya chuma hiki.

Gharama sizisemi sana. Mafuta, turbo ikifa, bima kubwa, faini za tochi, kila mwenye gari anayajua hayo.

Na sisemi kijana anunuliwe kigari chepesi cha zamani kisicho na airbag ndiyo tuone tumemkinga. Hapo wapenda magari ya nguvu wana hoja, na nawapa: gari jepesi sana likigongwa na fuso, aliye ndani hana ulinzi. Gari la kwanza liwe la ukubwa wa kati, injini ndogo, airbag zake zipo na taa yake ya onyo inawaka na kuzima unapowasha gari kama inavyotakiwa. Premio, Allion, Axio au Fielder ya 1500. Ukipata yenye VSC, ambayo kwa Toyota ndiyo ile VDC, chukua hiyo hata kama rangi huipendi.

Shemeji, najua utasoma hapa. Najua unaona aibu kumnyang'anya mtoto zawadi ambayo ukoo mzima uliishangilia. Atanuna, na atanuna kwelikweli, pengine mwezi mzima. Mwite, mkae wawili, mwambie baba amefikiri upya. STI haikosi mteja Dar, hata wiki haitaisha. Mnunulie Premio, na chenji itakayobaki ikate bima kubwa na iweke tairi nne mpya, usome tarakimu zake mwenyewe dukani kabla fundi hajazifunga. Siti kava zitobolewe, vibanio vitoke nje. Mwaka wa kwanza asizidi abiria mmoja, na saa tatu usiku gari liwe limeingia getini. Akifika miaka 25 na bado analitaka lile la bluu, atalinunua kwa hela yake, na mimi nitapanda naye raundi aliyoniomba.

Kuhusu mazoezi, niachie mimi. Jumamosi asubuhi nitakaa kiti cha kushoto, tutakwenda Kibaha na kurudi, na kila kituo cha daladala nitamuuliza ameona nini kabla hatujakifikia.