Kuvuja mkojo baada ya operesheni: ni kisu au ni uchungu wa uzazi uliokaa muda mrefu?

Mama mdogo wangu alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, akarudi nyumbani vizuri tu, mkavu, anapika. Wiki ya pili shuka likaanza kulowa. Akarudi kule kule alikopasuliwa akaambiwa ni kawaida hiyo itakauka yenyewe, basi akakaa miezi saba anajifunga vitambaa na kanisani haendi tena. Kwa hiyo nitajaribu kupima pande zote mbili, wanaomlaumu daktari na wanaomtetea, ila mjue na mimi nina kidonda changu hapa.

Kuna wanaosema daktari kazembea, anyang'anywe leseni, na wale ma-AMO (madaktari wasaidizi) wa wilayani wasiruhusiwe kabisa kupasua wajawazito. Wana hoja jamani. Dokta Thomas Raassen, aliyetengeneza fistula (tundu linalovujisha mkojo ukeni) miaka mingi Afrika Mashariki, na wenzake walipitia mafaili ya wanawake zaidi ya 5,900 waliotibiwa fistula nchi 11 za Afrika na Asia kati ya 1994 na 2012, wakakuta kama 13 kati ya kila 100 tundu lao lilitokana na operesheni, na wengi wa hao, kama wanne katika kila watano, zilikuwa operesheni za uzazi. Sio jambo la nadra hilo.

Ila angalia mwili wenyewe ulivyopangwa. Mrija unaoshusha mkojo kutoka figo unapita chini kabisa ya mshipa wa damu wa kizazi, sentimita kama 2 tu kutoka mlango wa kizazi, na mshipa huo ndio lazima ufungwe ukitoa kizazi, sasa damu ikianza kuruka na mgonjwa anaondoka mikononi mwako unabana pale unapopaona. Kibofu nacho kimelala mbele ya kizazi, kimegusana nacho upande wa chini, na mama mwenye kovu la operesheni mbili tatu kinakuwa kimegandia hapo, ukikibandua kinachanika. Hili linawapata hata mabingwa wa Ulaya.

Halafu sio kila tundu ni la kisu. Mama aliyekaa na uchungu siku mbili, kichwa cha mtoto kimebana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, nyama inakufa kabla hata hajafika thieta. Anapasuliwa leo, siku chache mbele ile nyama iliyokufa inaachia, mkojo unatoka, na aliyeshika wembe ndiye anayelaumiwa. Wenye uzoefu wanaangalia tundu lilipo, la uchungu mara nyingi liko chini, la kisu liko juu karibu na kizazi au ni mrija wenyewe.

Na hao ma-AMO, utafiti wa Mwanza na Kigoma uliotoka 2009 ulikuta wao ndio wanaofanya sehemu kubwa ya operesheni za dharura za uzazi na matokeo yao hayakutofautiana sana na ya madaktari. Wazuie kesho uone akina mama wangapi watakaa na uchungu wakisubiri gari la kwenda mkoani, hapo fistula zitaongezeka, na makaburi pia.

Mimi kukata kimakosa nakusamehe, kunyamaza hapana. Kibofu kikigundulika kimetoboka pale pale mezani kinashonwa, mama anakaa na mpira wa mkojo siku 10 hadi 14 na mara nyingi anapona kabisa. Kupitisha dawa ya rangi ya bluu kwenye mpira kuona kama inavuja ni dakika chache tu. Mrija ndio mgumu, maana ukifungwa na uzi hakuna kinachovuja, mama anaumwa ubavu tu na figo inakufa kimya kimya. Ndio maana neno "itakauka" linanikera kuliko kisu chenyewe. Lakini na sisi tunaotaka kila daktari aliyekosea afungwe tunachangia, nani ataandika kwenye faili kwamba nimetoboa kibofu kama anajua kesho anaburuzwa polisi?

Mama mdogo alikuja kutengenezwa hospitali nyingine, mrija wa kushoto ukapandikizwa upya kwenye kibofu, sasa ni mkavu. (Hospitali ya CCBRT pale Dar wamekuwa wakitibu fistula bure na hata nauli wamewahi kutuma kwa simu, kama una ndugu anavuja usimfiche.) Kushtaki hataki. Anachotaka ni kujua siku ile mle ndani kulitokea nini, na karatasi ya ile operesheni ya kwanza ameiomba mara tatu, mpaka leo hajaiona.