Kijana, utatuharibia kazi

Wiki yangu ya kwanza masijala nilimaliza majalada 40 kabla ya saa nane mchana. Nilikuwa nimetoka chuo, shati jipya, kiherehere tele. Mama mmoja mtu mzima, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Mkubwa, akanisogezea kikombe cha chai na kuniambia kwa upole: "Mwanangu, utatuharibia kazi." Sikumwelewa. Kesho yake nikamaliza mapema tena, na chai sikuiona. Siku ya tatu muhuri ukapotea mezani kwangu, na kila niliyemuuliza alikuwa "ndiyo kwanza naingia." Mwezi ulipoisha nilikuwa nashughulikia majalada 15 kwa siku kama wenzangu. Chai ikarudi.

Hiyo 15 haikuandikwa popote. Hakuna waraka ulioitaja, na mkuu wa kitengo asingekubali hata kwa dawa kwamba anaijua, ingawa aliijua vizuri kuliko sisi.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za kiwanda cha Hawthorne, mali ya Western Electric, kule Cicero pembeni mwa Chicago, nikacheka peke yangu. Waliopita darasa la utawala wanaikumbuka Hawthorne kwa taa: kuanzia 1924 watafiti waliongeza mwanga kiwandani wakitaraji kazi itapanda, ikapanda, kisha wakapunguza mwanga na kazi isishuke kama walivyodhani. Halafu hufuata hadithi ya wasichana watano waliotengwa kwenye chumba chao mwaka 1927, wakapewa mapumziko na muda mfupi wa kazi, tija yao ikaongezeka. Mwalimu hufunga daftari hapo: mjali mfanyakazi, atazalisha. Ambalo mara nyingi halisemwi ni kwamba wawili kati ya hao watano waliondolewa mapema 1928 kwa kuonekana wanapiga soga mno na hawana ushirikiano, wakaletwa wengine. Ukichagua wachezaji wako katikati ya mechi, usishangae kushinda.

Kilichonichekesha mimi ni chumba kingine, cha wanaume 14, kilichoanza kuangaliwa Novemba 1931. Kazi yao ilikuwa kuunganisha nyaya za mitambo ya simu: 9 waliunganisha, 3 walilehemu, 2 walikagua. Malipo yalitegemea kazi ya kundi zima, hivyo kwa hesabu ya karatasini kila mmoja alipaswa kumhimiza mwenzake aongeze kasi. Wao walifanya kinyume. Walikuwa na kipimo chao cha kutwa, mitambo miwili kwa kila muunganishaji, na mtu akikikaribia anapunguza mwendo. Aliyezidisha alipewa majina ya kejeli kama "mfalme wa kasi." Asiposikia, anapigwa ngumi ya juu ya mkono, ngumi ya kirafiki lakini inayouma. Mvivu kupindukia naye alisemwa, na aliyepeleka maneno kwa wakubwa alikuwa hana rafiki. Siku aliyozalisha zaidi, mtu aliificha ziada na kuiripoti siku aliyochoka, ili takwimu zake zitoke zimenyooka kama uzi. Msimamizi wao aliyaona yote hayo akanyamaza, kwa sababu kutwa nzima aliishi na wao, si na wakurugenzi.

Kuna wasomi walioeleza kwamba wanaume wale waliongozwa na hisia za kundi, si akili ya fedha. Hapo siwaungi mkono. Waliamini kwamba kasi ikipanda, bei ya kila kipande itashushwa au baadhi yao wataambiwa hawahitajiki. Na huo ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, watu wakiachishwa kazi Marekani nzima. Mei 1932 chumba chenyewe kilifungwa kwa sababu kazi zilikuwa zimepungua. Hofu yao ilikuwa na miguu.

Hata Mama Mkubwa hakuwa mvivu. Siku moja tukiwa wawili alinisimulia kwamba ujanani alikuwa mwepesi kuliko mimi. Ukafika wakati wa kupunguza wafanyakazi wa serikali, miaka ile ya 1990, na kitengo chao kilichokuwa kinamaliza majalada mapema kikaonekana kina watu wengi. Rafiki zake wawili wakaenda nyumbani. Tangu hapo, anayemaliza mapema pale masijala alibebeshwa rundo la kitengo jirani, bila shilingi wala asante. Mimi niliyakuta majalada 15 tayari yameshakuwa "ndivyo tunavyofanya hapa." Aliyenipa chai alikuwa ananikinga na jambo nisilolijua, na ndiyo maana hata leo namheshimu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema makonda wa daladala hawana adabu, huwa nauliza kwanza habari ya hesabu. Dereva na konda wanaamka alfajiri wakiwa na deni: kiasi maalumu cha kumpelekea tajiri jioni, mafuta juu yao, kinachobaki ndicho mkate wa watoto. Ndani ya mpangilio huo, mwanafunzi anayelipa nauli pungufu anaonekana kama siti iliyoibiwa. Kukatisha ruti, kujaza mpaka mlangoni, kukimbizana hadi kituoni, vyote vinaeleweka ukishaijua hesabu. Konda mgeni akianza kwa upole na kupakia wanafunzi kumi, dereva wake ndiye wa kwanza kumfokea, na kesho kutwa deiwaka mwingine atakuwa mlangoni. Mlete konda huyohuyo kwenye harusi ya mtaani kwenu, anagawa soda na kusalimia wazee shikamoo. Ukimwajiri dereva kwa mshahara, kama ilivyo kwenye mabasi ya mwendokasi tangu 2016, hana tena sababu ya kumkimbilia abiria. Hana sababu ya kumsubiri pia, lakini hilo ni jambo lingine.

Sisi hupenda kutibu mambo haya kwa semina. Mtoa mada anakuja na kompyuta yake, maadili, uwajibikaji, kujituma, tunakunywa soda, tunasaini posho, tunarudi ofisini ambako muhuri utapotea vilevile kwenye meza ya mgeni. Mimi nimehudhuria nyingi, na posho nimepokea, sijitoi.

Pale kwetu mabadiliko yaliletwa na mkuu mpya wa idara, mtu mkimya asiyependa mikutano. Alipiga marufuku kuhamisha rundo la kitengo kimoja kwenda kingine bila idhini yake, na akasema mbele yetu wote kwamba idadi ya majalada haitatumika kuamua nani abaki. Hatukumwamini. Ilipita miezi minne au mitano tukimtazama tu. Kisha asubuhi moja Mama Mkubwa, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza. Saa saba na nusu alikuwa na majalada 38 yamefungwa mezani. Akanitazama juu ya miwani, akauliza kama bado nakunywa chai.