Kabla hujanunua ile koili ya inchi 18

Simu ya mtu mwenye mashine ya kutafutia dhahabu ardhini huwa inaanza hivyo hivyo. Salamu ndefu, habari za watoto, habari za mvua, kisha: "Mukubwa, nimeonyeshwa koili ya inchi 18. Eti inashuka mita mbili. Nitoe pesa?"

Usitoe.

Nasema hivyo nikijua kwamba nawaudhi wauzaji wachache wa hapa Bukavu ambao tukikutana Nyawera bado tunasalimiana. Lakini nimekwisha kuibeba koili ya aina hiyo kwenye milima ya Mwenga, nikipanda nayo na kushuka nayo, na ninajua ilinipa nini. Rai yangu ni fupi: mwenye pesa ya koili moja tu ya ziada, katika udongo wetu huu wa Kivu ya Kusini, anunue iliyo ndogo kuliko ile iliyokuja na mashine. Kubwa ije baadaye, au isije kabisa.

Koili ni lile duara bapa linalopita juu ya udongo. Watu wengi huliona kama sahani tu, wakidhani akili yote iko kwenye kisanduku cha juu. Kumbe kisanduku kinajua kile tu ambacho koili imekiletea. Katika mashine za mapigo, kama GPX 4500 na GPX 5000 za kampuni ya Minelab, waya uliozungushwa ndani ya koili unapigwa umeme kwa ghafla, umeme unakatwa, halafu mashine inasikiliza. Dhahabu iliyoko chini, ikishaguswa na usumaku ule, inazalisha mkondo wake mdogo. Mkondo huo ndio unaorudi kama mlio masikioni mwako. Na kadiri kipande kilivyo kidogo, ndivyo mkondo wake unavyokufa upesi.

Hapo ndipo biashara ya "mita mbili" inapopatia riziki. Ni kweli koili kubwa hutuma usumaku wake mbali zaidi. Ila usumaku huo umetandazwa juu ya eneo pana, kama mafuta ya kikaango ukiyamimina kwenye sufuria ya harusi: yapo, lakini yamekuwa membamba. Siku moja nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kwa umeme uleule na mizunguko ileile ya waya, kipande kilicho sentimita 5 chini ya katikati ya koili kinaipa koili ya inchi 11 ishara yenye nguvu karibu mara mbili ya ile inayopatwa na koili ya inchi 18. Ukikishusha kipande hicho hadi sentimita 40, mambo yanageuka, kubwa inashinda kwa karibu mara nne. Muuzaji atakuonyesha hesabu ya pili tu. Hatakwambia kwamba ukishashuka chini sana kupita upana wa koili yenyewe, kuongeza kina mara mbili kunapunguza ishara karibu mara 64. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele hakisikiki kutoka huko, hata uvae koili pana kama mlango wa kanisa.

Ndiyo maana anayenipigia simu namuuliza kwanza dhahabu ya huko anakokwenda ikoje. Mara nyingi hajui. Anajua tu kwamba ipo.

Tuchukue Kamituga, maana ndiko wengi wanakotaka kwenda. Dhahabu inayolisha mji ule, kwa sehemu kubwa, imo ndani ya mawe. Vijana wanaingia shimoni, mawe yanatoka kwa magunia, yanatwangwa na kusagwa, unga unaoshwa. Ukipitisha mashine yako juu ya gunia la mawe kama hayo itanyamaza, na mwenye gunia atakucheka. Chembe mia moja zilizotawanyika ndani ya jiwe hazipigi mlio wa kipande kimoja chenye uzito huohuo, kwa sababu kila chembe inazungusha mkondo wake peke yake, na mkondo wa chembe si kitu. Hakuna koili, ya Australia wala ya wapi, inayotibu jambo hilo. Nimemwona mtu akiuza pikipiki yake ili anunue koili ya kusikia dhahabu ya unga. Bado linaniuma.

Mashine ina kazi kwenye vijito vya zamani, kwenye kingo, kwenye vifusi vya mchanga uliokwisha kuoshwa, kwenye miteremko iliyo chini ya mwamba wenye dhahabu. Huko kuna vipande. Lakini kumbuka mito hiyo imeoshwa tangu enzi za Wabelgiji na kampuni yao ya madini MGL, ikaja kampuni ya SOMINKI mwaka 1976, kisha wakrezeri, wale wachimbaji wadogo, vizazi na vizazi. Kilichobaki ni kile ambacho karai na mikono ya watu viliacha kipite: vipande vidogo, karibu na uso wa ardhi, katikati ya mawe na mizizi. Koili ya mviringo mpana inagonga jiwe huku, inanaswa na mzizi kule, na muda wote iko sentimita kumi juu ya udongo kwa sababu haina pa kulala. Hizo sentimita kumi za hewa umezilipia. Koili ndogo yenye umbo la yai inaingia ubavuni mwa jiwe, inapita chini ya kichaka, inagusa ardhi. Ile iliyokuja na GPX 5000 ni inchi 11 na si mbaya hata kidogo, lakini kwenye vifusi mimi nimeizoea ya urefu wa inchi 10 au 12 na upana wa nusu yake.

Halafu kuna uzito. GPX 5000 yenyewe ina kilo 2.4 bila betri. Mbele yake ongeza koili kubwa, uitikise kushoto na kulia kuanzia saa mbili asubuhi kwenye mteremko wa matope. Ikifika saa sita mchana hupimi tena ardhi, unapunga tu mkono. Wenye viwanda wanajitahidi kupunguza uzito, hilo nakubali, ila mkono ni uleule.

Sasa swali la mono au DD, ambalo watu wanaligombania kama mpira wa Muungano na Bukavu Dawa. Mono ina mzunguko mmoja wa waya unaotuma na kupokea. DD ina miwili, kama herufi D mbili zinazopandana mgongo, mmoja unatuma, mwingine unapokea. Mono ina masikio makali zaidi, hasa kwa vidogo na kwenye kingo za koili. DD inavumilia udongo mkorofi. Na udongo wetu ni mkorofi: ule mwekundu una chuma kingi, na kuna mawe meusi ya volkano ambayo yanapiga mlio kama kitu halisi hadi uchimbe goti zima ndipo ujue umedanganywa. Koili ikiwa kubwa inasikia udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja, kwa hiyo makelele nayo yanakua. Hiyo ni hoja nyingine ya kupunguza inchi. Mimi natembea na mono ndogo, na DD ya inchi 11 iliyokuja na mashine inabaki kwenye mfuko kwa siku udongo unapokataa kutulia. Mwanzoni nilidhani mono peke yake inatosha, na siku mbili nzima kwenye udongo mwekundu wa Walungu zilinifundisha adabu.

DD ina faida moja ambayo kwetu ni kubwa kuliko kwingineko. Kwenye GPX, mpangilio wa kukataa chuma unafanya kazi ukiwa na DD tu, ukivaa mono haukusaidii. Na ardhi yetu imejaa nini? Kiswahili kimeshajibu: neno risasi ni lile la madini na ni lile la bunduki, na huku yote mawili utayachimba siku moja. Maganda ya risasi yako kila kilima, baadhi ya chuma, baadhi ya shaba. Yale ya chuma DD inaweza kukuepusha nayo yakiwa karibu na uso. Ya shaba hayakwepeki, yanaimba vizuri kuliko dhahabu yenyewe, basi chimba tu, ila chimba polepole kwa mkono. Ukiona umbo la kitu kizima, si ganda tupu, huenda kikalipuka: usikiguse, uondoke, uwaonye na wenzako. Hapo habari za koili zimekwisha.

Kuna adui mwingine ambaye watu wa Australia wanaotutengenezea koili hizi hawamjui kama sisi. Vipimo vya satelaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, hapo tu nyuma ya Bukavu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, ikitanguliwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Kila radi ni kelele ndani ya kaske ya masikioni, hata kama mvua iko mbali ng'ambo ya mlima Kahuzi. Koili ni antena: ukiipanua, inakusanya na hizo kelele. Msimu wa mvua, alasiri, nikiwa na ile ya inchi 18, nilikuwa nazima mashine na kukaa chini ya mti. (Chini ya mti wakati wa radi. Mke wangu akisoma hapa nitasikia.)

Kuhusu majina sitakaa sana. Coiltek na Nugget Finder wanatoka Australia na wametengeneza koili za mashine hizi kwa miaka mingi. Detech ni Wabulgaria, NEL ni wa Ukraine. Zote zina watu wanaozipenda. Kinachowaua watu wetu ni plagi. Koili za mashine za Minelab za ukoo wa SD, GP na GPX hadi 5000 zinabadilishana. GPX 6000, iliyotoka mwaka 2021, haipokei hizo, na GPZ 7000 vilevile ina zake. Gold Monster 1000 ni mashine ya aina nyingine kabisa, inafanya kazi kwa masafa ya kilohezi 45, na koili ya GPX ukiileta kwake ni pambo la ukutani. Nimeshamwona mtu aliyelipa koili Kampala, ikasafiri mpaka Kamembe ya Rwanda, ikavuka mto Ruzizi na ushuru wake, akafika nyumbani ndipo akagundua haiingii. Muuzaji alimwambia akate waya aunganishe. Alikata.

Tena kuna za bandia, zenye rangi na maandishi yaleyale. Usinunue koili bila kuijaribu juu ya mashine, hata kama anayeuza ni shemeji yako. Ivae, washa, ishike hewani: itulie. Shika waya pale unapoingia kwenye koili, uukunje kidogo huku na huku. Ikipiga kelele, hapo pana jeraha, na halitapona. Igonge polepole kwa kidole, kisha iburuze juu ya majani mabichi. Koili nzuri hainung'uniki kwa kuguswa. Mwisho toa kipande kidogo cha risasi ya kuvulia samaki, kilichobandikwa kwenye kadi, ukipitishe mbele yake na mbele ya koili yako ya zamani, umbali uleule, ukipima kwa rula. Muuzaji akisema hana muda wa michezo hiyo, mshukuru na uende zako. Na ukishainunua, ivalishe kifuniko chake cha chini siku ya kwanza. Kifuniko kikitoboka unabadilisha kifuniko. Koili yenyewe ikitoboka, maji ya Mwenga yanaingia na habari imekwisha.

Kubwa ina mahali pake, nisiwe mwongo. Kama una mteremko mpana, uliofyekwa, udongo wake umetulia, na watu wameshatoa hapo vipande vya gramu nyingi, basi koili pana inafagia eneo kubwa kwa siku moja na inaweza kusikia kile ambacho inchi 11 ilikiacha chini. Mahali hapo pawepo kweli, uwe umepaona kwa macho, uwe na kadi yako ya mchimbaji na ruhusa ya wenye eneo. Mimi katika miaka yangu nimepafikia mara mbili. Mara moja palikuwa na wanajeshi tukarudi.

Ile yangu ya inchi 18 iko juu ya kabati, imefungwa kwenye kitenge. Ni mono, ya GPX, waya mzima, kifuniko hakijatoboka. Ninaiuza. Anayeitaka aje na mashine yake, na rula.