Disleksia chuoni: nani abebe mzigo wa kuthibitisha?

Mwanafunzi mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili, anaweza kufika chuo kikuu bila mtu yeyote kumgundua. Shuleni alikariri, alisikiliza kwa makini, alirudia sura moja mpaka ikaingia. Chuoni mbinu hizo huzidiwa na wingi wa makala za kusoma. Kwenye semina anachambua hoja kuliko wengi. Shika sasa karatasi yake ya mtihani: neno moja limeandikwa kwa namna mbili ukurasa uleule, swali la mwisho halijaguswa. Msahihishaji anahitimisha kwamba hakujiandaa.

Je, chuo kimtake kwanza cheti cha mtaalamu kinachothibitisha hali yake, au kimsaidie kwanza?

Wanaodai cheti wana hoja. Muda wa ziada wa mtihani, ambao mwanafunzi kama huyo huomba, ni kitu cha thamani, na pale mtihani unapokimbizana na saa, hata asiye na tatizo lolote angeupenda. Suala hili lilifika mahakamani Marekani, wanafunzi walipokishtaki Chuo Kikuu cha Boston. Chuo kilikuwa kimetaka vipimo vya disleksia vilivyofanywa ndani ya miaka mitatu iliyopita, ingawa disleksia haiponi mtu akiwa mtu mzima. Kiongozi wake, Jon Westling, alikuwa amehutubia juu ya mwanafunzi anayesinzia darasani huku akidai upendeleo. Baadaye akakiri kwamba mwanafunzi huyo alikuwa wa kubuni. Mwaka 1997 mahakama iliamua kwamba masharti yale ya awali ya kupimwa upya yalivunja sheria. Kuhusu sharti la kusoma lugha ya kigeni, ambalo wanafunzi hao walitaka kuondolewa, iliagiza wahadhiri wakae walipime. Walipofanya hivyo na kuamua libaki, iliwaunga mkono. Kwangu mimi huo ndio mstari sahihi: viwango vilindwe kwa sababu zilizopimwa, si kwa kumshuku mtu.

Upande wa pili una wakosoaji wasiowachukia wanafunzi hata kidogo. Profesa Julian Elliott wa Durham, Uingereza, amesema kwa miaka mingi kwamba sayansi haina njia ya kuaminika ya kumtenga mwenye disleksia na msomaji mwingine anayetatizika, hivyo nguvu zielekezwe kwenye kusaidia wote. Hoja hii ina uzito, kwa sababu vipimo ni ghali na asiye na fedha hukosa cheti na msaada pia. Lakini wapo watu wazima waliojiona wajinga tangu utotoni, na jina la hali yao ndilo lililowatua mzigo huo. Siwezi kulipuuza hilo.

Vipimo vyenyewe vinaweza kupotosha. Utafiti wa Paulesu na wenzake wa mwaka 2001 uliwalinganisha wasomaji wa Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza wenye disleksia. Waitaliano, ambao lugha yao husomwa karibu kama inavyoandikwa, walisoma kwa usahihi zaidi, lakini ubongo ulionyesha udhaifu uleule. Kiswahili nacho husomwa kinavyoandikwa. Anayehesabu makosa tu atamkosa msomaji wetu. Kasi ndiyo inayomfichua.

Kwa hiyo mihadhara irekodiwe, maandishi yatolewe mapema, programu za kusoma kwa sauti ziruhusiwe, bila kumuuliza mtu cheti. Hakuna anayeumia. Cheti kibaki kwa muda wa ziada wa mtihani, na gharama ya kukipata ibebwe na chuo kinachokidai.