MaikroRNA hazifanyi kazi moja moja

Tangu Victor Ambros na Gary Ruvkun watunukiwe Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2024 kwa kugundua maikroRNA, nyuzi ndogo zinazodhibiti jeni ndani ya seli, maswali kuzihusu yameongezeka darasani kwangu hapa Kisauni, nami nafurahi mno. Ninachokipinga ni jinsi zinavyoelezwa: hii ya saratani, ile ya moyo, nyingine ya ini, kana kwamba hazijuani. Juzi mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini mgonjwa asipewe hiyo moja iliyopungua, akapona?" Swali zuri sana, na linastahili jibu kamili.

MaikroRNA ni uzi mfupi wa RNA, molekuli inayofanana na DNA, wenye herufi za kikemikali 22 hivi, usiotengeneza protini. Hukatwa kutoka uzi mrefu zaidi, kwanza ndani ya kiini cha seli na kimeng'enya Drosha, kisha nje ya kiini na kimeng'enya kingine, Dicer. Hapo hushikwa na protini ya Argonaute, ikatafuta ujumbe wa jeni, yaani nakala ya RNA yenye maagizo ya kutengeneza protini, unaooana na herufi zake chache za mwanzoni. Ujumbe ukipatikana, huzuiwa usisomwe au huvunjwa. Kwa kuwa herufi za kuoanisha ni chache hivyo, maikroRNA moja inaweza kugusa mamia ya jeni, na jeni moja ikaguswa na maikroRNA kadhaa. Mara nyingi kila moja hupunguza protini kidogo tu. Mkokoteni uliojaa magunia pale Kongowea hausogezwi na hamali mmoja. Wakishika watatu, wanne, unakwenda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kundi la miR-17-92 ("miR" ni kifupi cha maikroRNA). Kwenye kromosomu ya 13 ya binadamu kuna maikroRNA sita zilizokaa jirani, zinakiliwa pamoja kwenye uzi mmoja. Anayeziwasha ni MYC, protini inayohimiza seli kugawanyika. Sasa tazama: MYC huwasha pia E2F1, protini ambayo nayo husukuma mgawanyiko, lakini mbili kati ya zile sita, miR-17 na miR-20a, huipunguza hiyohiyo E2F1. Gesi na breki zimekanyagwa kwa mguu mmoja! Tena protini za jamii ya E2F zenyewe huweza kuliwasha kundi hilo. Wakati huohuo miR-19, mwenzao, huishusha PTEN, protini inayozuia uvimbe wa saratani. Ukiniuliza kundi hili ni zuri au baya, nitakuuliza: katika seli gani, na nani mwingine yumo?

Ndiyo maana matumaini ya dawa ya maikroRNA moja nayapokea kwa tahadhari. Jaribio la kuwapa wagonjwa wa saratani miR-34a ya kutengenezwa lilisimamishwa mwaka 2016, baada ya baadhi yao kupata madhara makubwa ya kinga ya mwili. Sisemi mtandao huu wa maikroRNA na jeni kuathiriana ndio uliowadhuru. Nasema kinachogusa mamia ya jeni hakiwezi kupimwa kwa jeni moja.

Walimu wenzangu, muhula ujao tuanze na mchoro wa MYC, E2F1 na miR-17, mishale ikienda na kurudi, kabla ya kuwapa wanafunzi fasili ya kukariri.