Timu Moja kwa Android na iPhone: Hesabu ya Mfanyabiashara wa Tanga
Mfanyabiashara wa Tanga anayetaka aplikesheni ya simu, awe mwenye mabasi ya Lushoto au mwenye hoteli ya ufukweni Pangani, siku hizi hushauriwa aajiri timu inayoandika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha aplikesheni, mara moja tu, kwa zana kama Flutter au React Native, ili aplikesheni ifanye kazi kwenye Android na iPhone. Ushauri huo una uzito, lakini haumfai kila mtu.

Faida yake kubwa ni gharama. Badala ya kulipa waandishi wa Kotlin, lugha ya kuandikia aplikesheni za Android, na wengine wa Swift, lugha ya iPhone, mwenye biashara hulipa kikundi kimoja, na utaratibu wa kukata tiketi ukibadilika, msimbo hurekebishwa mahali pamoja. Zana zenyewe si za majaribio tena: React Native ilitolewa na Facebook mwaka 2015, na Flutter ya Google ilipata toleo thabiti la kwanza Desemba 2018.

Hata hivyo, unafuu huo unawahusu wenye wateja wa pande zote mbili. Hoteli ya Pangani hupokea wageni wa Ulaya wenye iPhone, na kwake hesabu inakubali. Mwenye mabasi, ambaye abiria wake wa Muheza na Korogwe wengi wanatumia Android za bei nafuu, hana cha kuokoa. Tena aplikesheni ya Flutter hubeba ndani injini yake, yaani programu inayoiendesha, hivyo kwa kawaida huwa nzito kuliko iliyoandikwa kwa Kotlin. Kwa abiria anayepakua kwa bando la siku, na kufuta picha ili simu ipate nafasi, megabaiti chache huamua kama aplikesheni itabaki.

Mwaka 2018 Airbnb, kampuni ya kukodisha malazi mtandaoni, ilitangaza kuachana na React Native, ikieleza kwamba wahandisi wake bado walihitaji ujuzi wa mifumo yote miwili. Watetezi hujibu kwamba Airbnb iliiingiza katika aplikesheni zilizokwishakuwapo, hali tofauti na ya anayeanza upya. Hoja hiyo ni ya haki, lakini timu isiyo na mtu hata mmoja anayeujua undani wa Android itakwama siku ambayo printa ndogo ya tiketi itakataa kuungana na simu ya kondakta.

Linalonisikitisha zaidi ni mikataba. Ili aplikesheni iwekwe dukani, akaunti ya Google Play, duka la Android, hulipiwa dola 25 mara moja, na ya Apple dola 99 kila mwaka. Kwa kuwa fedha hizo ni ndogo, mteja huiachia timu ifungue akaunti kwa jina la timu yenyewe. Wakigombana, mwenye biashara hana uwezo wa kutoa toleo jipya la aplikesheni aliyoilipia. Akaunti ziwe kwa jina la biashara, na msimbo ukabidhiwe kwa kila awamu ya malipo.

Matunzo nayo yaandikwe. Microsoft ilisitisha huduma kwa Xamarin, zana ya aina hiihii, Mei 2024, na waliokuwa wakiitegemea walilazimika kugharamia kuhama. Kabla ya kulinganisha bei za timu mbili, kila moja itaje nani atakayeitunza aplikesheni mwaka wa pili, na kwa malipo gani.