Attlee na lile dirisha la malipo

Jumapili iliyopita, baada ya mechi ya pili, tulibaki barazani watu saba na birika la kahawa. Mechi zilikuwa za Waingereza, kwa hiyo mazungumzo nayo yakabaki hukohuko kwao. Mwalimu mstaafu, ambaye pale kwetu anaheshimiwa na wote, akatupa swali: tangu Vita vya Pili viishe, Waziri Mkuu gani wa Uingereza amekuwa bora kuliko wenzake? Wawili wakasema Churchill. Mwalimu mwenyewe akasema Thatcher, "yule mama hakuyumbishwa na mtu." Mmoja akamtaja Blair. Mimi nikasema Attlee.

Pakawa kimya. Kisha kijana mmoja, yuko chuo mwaka wa tatu, akaniuliza kwa adabu zote: "Samahani mzee wangu, Attlee ndiye nani?"

Nilimjibu maneno mawili matatu, mechi ya tatu ikaanza, yakaishia hapo. Lakini swali lake nililala nalo. Iliniuma kwamba kijana msomi anamjua Churchill kwa sigara yake nene na Thatcher kwa mkoba wake wa mkononi, na huyu aliyejenga nyumba ambayo Waingereza wanaishi ndani yake mpaka leo hamjui hata kwa jina.

Jumanne nikampeleka dada yangu hospitali. Mbele yetu kwenye foleni ya dirisha la malipo alisimama mzee mmoja, shati lake limefuliwa mpaka maua yamefifia, mkononi ana karatasi ya kipimo. Akatajiwa bei. Hakubishana wala hakuomba. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo cha mfuko taratibu kama mtu anayetunza hati ya kiwanja, akasema "ahsante mwanangu," akaondoka. Dada akanisukuma nimfuate. Nilipofika getini alikuwa ameshapotea kwenye watu.

Ndipo nikajua kwamba jibu langu la Jumapili lilikuwa nusu. Hii hapa nusu nyingine.

Churchill kwanza tumweke pembeni. Swali ni la baada ya vita, na Churchill wa baada ya vita ni yule wa Oktoba 1951 hadi Aprili 1955: mzee, mchovu, aliyepata kiharusi Juni 1953 na wananchi wakafichwa. Ni wakati wake, Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, na watu kwa maelfu wakasombwa kupelekwa kambini. Sifa za 1940 ni zake, simnyang'anyi. Haziingii kwenye hesabu hii.

Sasa Clement Attlee. Alizaliwa Putney mwaka 1883, baba yake wakili, nyumbani kuna watumishi. Akasoma Oxford, akawa wakili yeye pia. Angeweza kuishi maisha yake yote asijue watu wa mashariki ya London wanakula nini. Mwaka 1905 akaanza kwenda Stepney kusaidia klabu ya wavulana wa mtaa wa maskini, na mwisho akahamia hukohuko. Kipo kisa kinachosimuliwa cha siku zile: alikuwa akitembea barabarani na mtoto wa kike, mtoto akamuuliza anakwenda wapi. Akajibu, naenda nyumbani kunywa chai. Mtoto akasema: mimi naenda nyumbani kuona kama chai ipo.

Aliyekua na watoto wa majirani wasio na uhakika wa chai hahitaji kufafanuliwa kisa hicho. Attlee hakuhitaji pia. Akawa meya wa Stepney mwaka 1919, mbunge wa Limehouse mwaka 1922, na tarehe 26 Julai 1945 hesabu ya kura ilipokamilika, chama chake cha Labour kilikuwa na viti 393. Mkewe Violet, aliyemzungusha nchi nzima kwenye kampeni akiendesha gari lao dogo, ndiye aliyemwendesha pia kwenda kwa mfalme kukabidhiwa serikali.

Na serikali yenyewe ilikuwa na nini? Haikuwa na kitu. Deni la taifa lilizidi mara mbili ya pato la mwaka mzima. Agosti 1945 Wamarekani wakakata msaada uliokuwa ukiwabeba Waingereza vitani, kwa ghafla. Ikabidi mchumi Keynes apelekwe Washington kukopa, akarudi na mkopo wa dola bilioni 3.75. Deni hilo lilimalizwa kulipwa mwishoni mwa 2006. Miji imebomolewa kwa mabomu, askari wanarudi hawana vyumba. Julai 1946 mkate ukaingizwa kwenye mgao wa kuponi, jambo ambalo hata wakati wa vita halikufanyika. Baridi ya mwaka 1947 ikaja na theluji iliyozuia makaa ya mawe kufika kwenye mitambo, umeme ukakatika, viwanda vikafungwa.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Sisi tumezoea kuambiwa: tungependa sana, lakini bajeti hairuhusu, subirini uchumi ukae sawa. Tumeambiwa hivyo na watu wa kila chama na kila awamu mpaka tunayasema wenyewe kwa wenyewe. Attlee alikuwa na kila sababu ya kusema hivyo na hakuna ambaye angemlaumu. Hakusema. Katikati ya mgao wa mkate, tarehe 5 Julai 1948, serikali yake ikafungua milango ya karibu hospitali zote za nchi kwa kila mtu, bila malipo.

Jua kulivyokuwa kabla yake. Ilikuwapo bima tangu 1911, lakini ilimhusu mfanyakazi mwenyewe. Mke hayumo, watoto hawamo. Baba akiugua anaye daktari; mama akiugua anajikaza. Kulikuwa na wanawake waliotembea miaka na maradhi ya uzazi, wanafua, wanapika, hawasemi, kwa sababu pesa ya daktari ndiyo ya chakula. Wazee walinunua miwani ya bei rahisi mezani dukani kwa kujaribu moja baada ya nyingine mpaka waone herufi. Siku huduma ilipofunguliwa watu wale wakajitokeza, na ndipo nchi ikajua ukubwa wa mateso yaliyokuwa yamefichwa majumbani. Miwani ilitoka kwa mamilioni mwaka wa kwanza. Wakosoaji wakasema watu wana tamaa ya vya bure. Mimi nasema walikuwa hawaoni.

Aliyeisimamia kazi ni Aneurin Bevan, mtoto wa wachimba makaa wa Tredegar, Wales, aliyeingia mgodini akiwa na miaka 13. Kule Tredegar wachimbaji walikuwa na chama chao cha kuchangiana matibabu: kila mmoja anakatwa kidogo kwenye mshahara, familia nzima inatibiwa. Tunaijua hiyo, ndiyo michango yetu ya kila msiba na kila ugonjwa, tofauti ni kwamba wao waliipangia ofisi na madaktari. Bevan aliichukua akaitandaza nchi nzima, safari hii kwa kodi. Wahafidhina, chama cha Churchill, walipiga kura ya kuipinga sheria ile bungeni mwaka 1946. Chama cha madaktari kiliwapigisha kura wanachama wake mapema 1948 na wakakataa kwa wingi mkubwa, miezi mitano tu kabla ya siku yenyewe. Bevan akawalegezea mabingwa, akawaachia wabaki na wagonjwa wao wa kulipia, na mlango ukafunguliwa kwa tarehe iliyopangwa. Asubuhi ile alikwenda Hospitali ya Park, karibu na Manchester, na mgonjwa wa kwanza kuhesabiwa alikuwa msichana wa miaka 13.

Mtu atasema basi sifa ni za Bevan. Zake nyingi, kweli. Lakini Bevan alikuwa moto, na moto unataka jiko. Baraza lile la mawaziri lilikuwa na watu wakubwa waliochukiana waziwazi: Bevin (si Bevan; huyu alikuwa waziri wa mambo ya nje), Morrison, Cripps, Dalton, na huyo Bevan. Attlee aliwakalisha meza moja kwa miaka kadhaa. Septemba 1947 Cripps alimwendea uso kwa uso kumwambia aachie ngazi, nafasi achukue Bevin. Attlee akainua simu akamuuliza Bevin kama anaitaka kazi yake. Bevin akakataa. Attlee akakata simu, akamgeukia Cripps na kumpa wizara ya kusimamia uchumi wote. Hakumfukuza, hakumtangaza msaliti. Alimpa kazi, kwa sababu Cripps alikuwa hodari na nchi ilikuwa na njaa. Ningetamani wakubwa wetu wote, wa serikalini na wa vyama, wakae na kisa hicho usiku mmoja tu.

Nyumba zaidi ya milioni moja zilijengwa, nyingi za halmashauri. Migodi na reli vikawa vya umma.

Makosa yake siyaruki. India aliiachia uhuru Agosti 1947, na lilikuwa jambo la haki, lakini mpaka kati yake na Pakistan ulichorwa kwa wiki chache na mtu ambaye hakuwahi kukaa kule, na watu kwa mamia ya maelfu wakachinjana. Damu hiyo imo kwenye hesabu yake. Seretse Khama, mrithi wa uchifu, alioa mwanamke wa Kiingereza mwaka 1948, na serikali ya Attlee ikamzuia asirudi kwao Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo, ili makaburu wa Afrika Kusini wasichukie. Hilo ni aibu, na simtetei.

Na kuna Kongwa. Babu yangu alifanya kazi huko ya kung'oa visiki. Yaliletwa matingatinga na vifaru vya vita vilivyogeuzwa trekta, eti Tanganyika ioteshe karanga za kuwapatia Waingereza mafuta. Wagogo walijua ardhi yao: mvua haina ahadi, na udongo kiangazi unakuwa kama saruji. Hawakuulizwa. Babu alisimulia mbuyu uliokata minyororo, na nyuki waliotoka ndani yake wakawatawanya wazungu na weusi pamoja, kila mtu na mbio zake. Mwaka 1951 London ikafuta pauni milioni 36, ikafunga daftari. Mtwara ilibaki na bandari iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mtu aliyewasikiliza watoto wa Stepney hakutuma hata mtu mmoja kumsikiliza mzee wa Kigogo, na mimi kama mjukuu wa mng'oa visiki nina haki ya kulisema hilo kwa uchungu. Nimelipima, na bado namweka juu.

Wapo wanaosema sisi Waafrika Mashariki tunapaswa kumchagua Macmillan, kwa kuwa Tanganyika na Uganda zilipata uhuru akiwa madarakani. Uhuru wa Tanganyika uliletwa na TANU na kina mama waliouza vitumbua kulipia nauli za mikutano. Macmillan aliona upepo umebadilika, akasema hivyo Cape Town mwaka 1960, na ni kweli alikuwa na busara ya kuuona. Lakini mwaka mmoja kabla, kwenye kambi ya Hola huko Kenya, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa, na serikali ilikuwa yake.

Eden ana aibu ya kuivamia Misri kwa ajili ya mfereji wa Suez. Heath nampa heshima moja: mwaka 1972 Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, aliwafungulia mlango huku watu wake wengi wakinung'unika. Blair ana amani ya Ireland Kaskazini ya 1998, na ana Iraki. Na Mtanzania yeyote anayekumbuka chenji ya rada, zile pesa tulizorudishiwa kwa rada tuliyouziwa ghali, anajua kwamba leseni ya kuuza ule mtambo ilipita mikononi mwa serikali yake.

Kwa Thatcher, Mwalimu wangu, shikamoo. Hakuyumbishwa, nakubali. Miaka kumi na moja na nusu, akashinda chaguzi tatu. Lakini sisi tuliowahifadhi wapigania uhuru Mazimbu na hapohapo Kongwa, tunakumbuka alivyokataa vikwazo dhidi ya makaburu, na mwaka 1987 akaiita ANC kundi la kigaidi. Na tazama hili: aliuza mashirika ya umma, akavunja nguvu za wachimba makaa baada ya mgomo wa 1984 na 1985, lakini alipoifikia huduma ya afya, mwaka 1982, ilimbidi asimame mbele ya chama chake kuahidi kwamba iko salama mikononi mwao. Yaani mama asiyeyumbishwa na mtu alisimamishwa na kazi ya yule mzee mkimya wa Stepney, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 15 kaburini.

Attlee alishindwa uchaguzi wa Oktoba 1951 ingawa chama chake kilipata kura nyingi kuliko Wahafidhina. Hakuna aliyeifuta huduma ile baada yake.

Jumapili hii Mwalimu amesema atakuja na hoja zake zimeandikwa. Yule kijana wa chuo amenitumia ujumbe jana usiku akiuliza: kwani siku ile ya Julai 1948, mgonjwa akifika dirishani aliambiwa nini? Nimemjibu kwamba lile dirisha halikuwapo. Hajajibu bado.